Dada Kashindanishwa na Dada

Shosti, mtoto nimemweka mkekani ili niandike.

Leo dada alikuwa anahojiwa apewe uprofesa wa biokemia. Mwenyekiti kafungua kompyuta: "Makala zako zimenukuliwa mara kumi na tisa tu. Hebu mwige mwenzako huyu, mara mia nne!"

Mwenzako! Dada kutazama lile jina, ni lake mwenyewe, la kabla hajaolewa!

"Huyo ni mimi, mwenyekiti."

Wakacheka. Wakacheka, shosti! "Basi lete cheti cha ndoa kabla ya saa kumi."

Sasa ni saa tisa na nusu. Shemeji kapindua kabati zima, hakionekani. Dada kasimama mlangoni ananiuliza, "Mdogo wangu, nikikikosa, uprofesa atapewa yule mwanamke?"