Bajeti Yangu ya Sigara

Jumamosi, 31 Mei
Nimefua jezi ya mwanangu Xavery. Inanuka fegi! Mtoto wa miaka kumi na sita, na leo mazoezini raundi moja tu kashika kiuno. Mchujo wa Umisseta, michezo ya shule za sekondari, ni tarehe 14. Halafu sigara zenyewe zinatoka dukani kwangu! Rafiki yake Pankras kila jioni hununua mbili. Kumbe ya pili ni ya mwanangu. Nimeona aibu sana.

Jumatatu, 2 Juni
Nikimchapa, atajificha ziwani avute. Nikiacha kuuza, watapanda kwa Notburga, duka la juu kilimani, kanisani. Basi nimepandisha bei: sigara moja kutoka mia mbili mpaka mia nne! Pankras kang'aka. Nikamwambia bajeti ya serikali inakuja, kijana, kodi inapanda. Uongo ulitoka wenyewe. Nikampigia Notburga simu. Akasema naye anapandisha sasa hivi — hata sababu hakuuliza.

Ijumaa, 6 Juni
Nimewachungulia nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa, usipa. Vijana wanne, fegi moja, kila mmoja avute pafu mbili, wanagombana! Mzee Ladislaus, mteja wangu wa siku zote, yeye kalipa mia nne, kailaani serikali, kawasha. Pole babu, sikukulenga wewe.

Jumanne, 10 Juni
Pankras kanunua biskuti. Biskuti! Anasema sigara siku hizi ni za wenye mishahara. Nimeingia stoo nikacheka mpaka kanga ikadondoka.

Alhamisi, 12 Juni
Nilisahau kabisa — bajeti ya kweli inasomwa leo! Mtandao umekata tangu asubuhi, na redio ninayo mimi peke yangu. Baraza limejaa. Mzee Ladislaus kaja na kigoda chake, anataka kusikia kwa masikio yake nani kampandishia sigara.

Waziri kafika kwenye bia. Baada ya bia ni sigara, naijua hotuba hii. Nikazima, uongo wangu usije ukafichuka. Betri zimekwisha, nikasema. (Za dukani nimezificha chini ya unga.) Mzee akamtuma Xavery kwa Notburga akanunue nyingine.

Kilima kile! Kaenda mbio, karudi mbio, na hahemi. Hata kidogo! Nilitaka kumkumbatia mbele za watu. Angekuwa bado anavuta, hotuba ingeisha hajafika.

Sasa najifanya naandika orodha ya mzigo. Mzee anasema, mjukuu wangu, sauti iwe kubwa. Xavery kafungua redio, anaweka betri. Tatu tayari. Imebaki moja.