Pumzi Kumi na Nane za Fundi Viatu

Bweni la Wanafunzi, Chumba cha 14,
Chuo cha Matabibu Wasaidizi,
Jumamosi, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kitako, maana ukiisoma umesimama utatafuta pa kujishikilia. Hujambo lakini? Goti linaendeleaje? Yule mtu wa dawa za kuchua usimruhusu akuguse tena, nilikwambia toka mwanzo kwamba ana mikono ya kupakulia mchanga. Na Babu je, bado anagombana na redio? Mimi mwili mzima, viungo vyote vipo. Ya moyoni ndiyo yamenifanya nishike kalamu.

Nimefukuzwa chuo, Shangazi. Miezi miwili tu kabla ya kumaliza. Najua umeshawatangazia majirani wote kwamba nyumba yako itatoa tabibu, na najua ile picha yangu ya koti jeupe umeitundika sebuleni. Ishushe taratibu. Lakini kufukuzwa siko kunakonitesa zaidi. Kuna mjane mmoja ambaye sijamwambia ukweli kuhusu kifo cha mume wake.

Ngoja nikueleze kazi yetu ilivyo, usije ukadhani nimeiba dawa au nimepata mimba.

Kila asubuhi, kabla daktari hajapita wodini, sisi wanafunzi tunapima wagonjwa: joto, presha, mapigo ya moyo na pumzi. Vitanda ishirini na nne, watu wawili, na saa moja haifiki. Joto lina kipimo chake, presha ina mashine. Pumzi ni macho yako tu. Unakikazia macho kifua cha mgonjwa dakika nzima, saa iko mkononi, unahesabu kinavyopanda. Tena usimwambie, maana akijua anahesabiwa anaanza kupumua kwa madaha. Sasa hizo dakika nzima nani anazo? Waliotutangulia walitufundisha siku ya pili tu: andika kumi na nane. Mtu asiye na tatizo hupumua hapo hapo. Ukitaka kupamba, weka ishirini hapa na pale. Tulicheka sana siku ile. Ukisoma mafaili ya wodi yetu utadhani wagonjwa wote wanapigiwa ngoma moja.

Kitanda cha kumi na moja alilala fundi viatu mmoja, mtu mzima, mguu umevunjika. Ungempenda, Shangazi, kwa maneno yake. Asubuhi nikifika hanitazami usoni, anatazama viatu vyangu. Aliniambia nakanyagia upande mmoja, soli italika mwezi huu huu, na akaapa kwamba akiruhusiwa tu atanishonea vingine kwa mkono wake. Mimi nikimwita Baba Soli, yeye akiniita Daktari. Nikimkumbusha kuwa bado ni mwanafunzi, anasema mguu wake haujui tofauti.

Jumanne ya wiki iliyopita alikuwa kimya. Joto lilikuwa sawa. Mapigo ya moyo yalikuwa juu kidogo, nikasema ni maumivu ya mguu. Nikamtania kwamba leo amenuna. Akainua mkono, akaushusha, basi. Mtu ambaye hajawahi kukosa la kunijibu! Nikaandika kumi na nane, nikaenda kitanda cha kumi na mbili.

Daktari alipopita akasoma karatasi yangu, hakuona cha kumshtua, akasogea mbele. Saa nne wahudumu walikwenda kubadilisha shuka wakamkuta anahema kwa kasi, midomo imegeuka rangi. Wakakimbilia oksijeni. Adhuhuri alikuwa amefariki. Donge la damu lilitoka mguuni likaenda kuziba pafu. Daktari alisema tungejua mapema, labda angepona. Hilo labda linanila, Shangazi. Nikikaa ninalo, nikitembea ninalo.

Kikao cha wakubwa wa chuo kikaitishwa. Kabla sijaingia, mwalimu wetu wa wodini, mtu mwema kabisa ambaye hajawahi hata kunifokea, alinivuta pembeni. "Sema ulihesabu. Pumzi hubadilika. Nani alikuwepo akupinge?" Wenzangu nao walinisihi, kwamba nikifungua mdomo tutaangamia wote. Sikufichi, nilikuwa nimeshakubali. Niliingia mle na uongo wangu mkamilifu. Wakaniuliza nilimhesabu kwa muda gani. Nikauona ule mkono wa Baba Soli unavyoinuka na kushuka, nikasema sikumhesabu. Nikasema hakuna anayehesabu.

Basi wakaitwa wenzangu, mmoja mmoja. Wote wakasema wanahesabu, dakika nzima, kila siku ya Mungu. Hata yule niliyekuwa nikigawana naye vitanda, loo! Kwa hiyo mvivu wa chuo kizima ni mimi peke yangu. Jina langu limefutwa, na barua yao inasema vyuo vyote vya namna hii vitajulishwa visinipokee. Mwenzangu wa chumbani amehamisha godoro lake. Sina hata nguvu ya kumkasirikia.

Jana nilikwenda wodini kurudisha koti. Karatasi zilikuwa zinaning'inia miguuni mwa vitanda, nikazisoma huku napita. Kumi na nane, kumi na nane, ishirini, kumi na nane. Nilitaka kupiga kelele. Lakini nani atamsikiliza aliyefukuzwa kwa uvivu? Nikakabidhi koti.

Nikitoka, mlangoni nikakutana na mke wa fundi, amekuja kuchukua vitu vya marehemu. Yeye ameambiwa tu kwamba siku ya mumewe ilikuwa imefika. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Anasema mumewe alimsimulia kuna binti anayemwangalia kuliko wote. Ardhi ingepasuka ningeingia, Shangazi. Na unajua nilimjibu nini? Pole, mama. Hilo tu. Mbele ya wakubwa wa chuo nilikuwa na mdomo, mbele ya mwenye msiba wake ukanifia.

Usiniandikie kwamba yatapita, wala kwamba nitapata kazi nyingine. Kazi niliyoitaka ni hii, na nilikuwa naiweza. Ndiyo maana inauma.

Nisalimie Babu. Mwambie nimeshindwa masomo, uishie hapo, umri wake hauhitaji zaidi. Nisalimie Mama Pacha na watoto wake, na yule jirani yetu seremala. Mungu akutunze, akulainishie hilo goti, akujaalie uvumilivu wa kunipokea nilivyo.

Basi langu linaondoka Jumatatu saa sita mchana. Nyumba ya yule mama nimeshaiulizia, na asubuhi hiyo nitakwenda kwake kwanza. Sijui atanifukuza, atanipiga au atalia tu. Usiniombee msamaha wake, sina haki nao. Niombee nibishe hodi, nisije nikakimbia kabla hajafungua.

Wako uliyemlea, anayekupenda hata leo,
Kidoti