Karatasi Tupu Chini ya Kikombe

Malaba, Jumapili, Agosti 1977. Mwaka wa kumi na moja tangu nivuke kutoka Uganda.

Barasa hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Ni wakala wa forodha, na kila Jumapili tunapigana vita mezani kwake kwa vifuniko vya soda, njiti za kiberiti zikiwa seng'enge. Kanuni nilizitunga mimi, kwa kuwa niliwahi kuwa mhandisi wa jeshi. Anayetega mabomu ardhini lazima achore yalipo, na karatasi iwekwe chini ya kikombe kabla ya mchezo kuanza.

Leo kila kikosi chake kilipokanyaga penye kunifaa, nilitangaza bomu. Mara ya tatu akacheka. "Mzee, hizi bomu zako ziko na miguu?" Akainua kikombe. Karatasi ilikuwa tupu.

"Nilisahau," nikasema. Sikusahau.

"Hata kule jeshini mlikuwa mnasahau?" Alikuwa anatania tu, akanimiminia chai.

Kule nilichora. Nilitega mabomu kwenye njia ya kisima cha kijiji chetu, kwa amri, nikapima kila moja kwa hatua kutoka kwenye mvule. Nilipokimbia niliichoma ile ramani, nisikamatwe nayo. Mezani kwa Barasa, wahandisi wetu wa vifuniko huyategua yote kwa zamu mbili.

Nimejaribu kuichora tena. Nakumbuka mvule na mabomu mawili ya kwanza. Yalikuwa kumi na manne.

Mimi humwambia Barasa kwamba nangoja amani ndipo nirudi. Si kweli. Sitarudi.