Baba, Kwa Nini Uliuziba Mrija Wangu?

Baba yangu,

Shikamoo. Arobaini yako imepita, wageni wamerudi makwao, Mama bado yuko edani, na mimi nimebaki na swali ninalolizunguka wiki ya tatu sasa. Nilimuuliza Mama, akasema hajui. Nikafungua daftari lako la kazi, nikakuta michoro ya mabomba ya nusu ya nyumba za mtaa wetu wa Ng'ambo, lakini nililolitafuta halimo. Nusu ya jibu nimeshaipata kwa mtu mwingine; nusu iliyobaki unayo wewe, ndiyo maana nakuandikia, ingawa najua jibu halitakuja.

Swali lenyewe ni la choo. Najua ungecheka. Binti anamwandikia marehemu baba yake, na badala ya kumlilia anamuuliza habari za tangi la choo.

Unakumbuka Bibi alivyoanguka. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, yeye anavuka ua na kopo lake kwenda choo cha nje, akateleza, nyonga ikavunjika. Alipotoka hospitali ulisema mama yako hatauvuka tena ule ua. Ukasafisha ile stoo iliyo kati ya chumba chake na sebule, ukaweka choo cha kukaa, ukafunga tangi jipya. Kazi yako ilikuwa safi kama kawaida yako. Ila lile tangi, Baba! Likivutwa linanguruma, likikaribia kuisha linakoroma, kisha linapiga mluzi muda wote linapojaa. Na ukuta wa sebule ni wa tofali jembamba.

Halafu ikaja siku ya wale wazee wa Nzega walioleta barua ya posa yangu. Mshenga alikuwa ameshamaliza salamu, amefika kwenye "tumekuja kuomba," tangi likanguruma. Wote wakanyamaza, wewe pia. Lilipoanza kukoroma, mmoja wao akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikaambukiza mkeka mzima. Posa ile haikufika popote, na unajua kwamba mimi sikuumia sana. Aliyeumia alikuwa upande wa pili wa ukuta. Bibi yangu, mwanamke ambaye hata kupiga chafya anageuka pembeni, alisikia wanaume wageni wakimcheka akiwa chooni.

Tangu siku hiyo akaacha kunywa maji. Hatukujua. Mama alikuwa akimpelekea glasi, anarudi anakuta tupu, anafurahi. Mpaka Bibi alipopata homa na kuanza kuweweseka, tukamkimbiza hospitali, na daktari akauliza huyu mama anakunywa maji kweli? Uliporudi nyumbani kuchukua shuka ndipo ulipoona ardhi chini ya dirisha lake imelowa, na mchicha umeota pale ambapo hakuna aliyepanda.

Ulirudi wodini ukasimama mlangoni. Hukumgombeza. Uliniambia tu, "Mwajuma, lile tangi lazima linyamaze."

Miezi ile minne iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote niliyoishi na wewe. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, sina kazi, na kila asubuhi tulikuwa uani mimi na wewe na pipa la maji. Ulisema tuachane na ule mfuniko wa mpira unaofunguka chini na kuangusha maji yote kwa mkupuo. Tutengeneze sifoni. Ulinieleza kwa mfano wa watu wanaonyonya mafuta ya taa kwenye pipa: unavuta mara moja tu, mafuta yakishapita juu ya ukingo yanavutana yenyewe mpaka chini. Bomba dogo tukalisimamisha ndani ya bomba kubwa lililozibwa juu, ili lisichukue nafasi, maana stoo ile mtu akigeuka kiwiko kinagonga ukuta. Tukaweka kisahani cha mpira cha kusukuma maji ya kwanza yapande. Lile bomba la kujazia tukalirefusha mpaka likagusa chini ya tangi, maji yaingie ndani ya maji. Mluzi ukaisha.

Kukoroma ndiko kulikotushinda. Maji yakikaribia kuisha hewa ilikuwa inaingia kwa pupa, tangi linatoa mkoromo ule ule uliowachekesha watu wa Nzega. Uliweka bomba nene, ukaweka jembamba, ukalikata ukingo mshazari. Siku moja ulilipiga teke pipa likapasuka, ukaenda kuswali adhuhuri, ukarudi ukaomba radhi kwa pipa.

Jibu nililipata wodini, Bibi alipolazwa mara ya pili. Nilikuwa nimekaa na Bibi, nesi akamtundikia dripu, chupa ikagoma kushuka. Nesi akachoma sindano ya pili juu ya chupa, akasema, "Haina pumzi hii." Ikaanza kudondoka. Niliomba mrija wa dripu uliokwisha kutumika, nikauosha, nikakimbia nao nyumbani. Tukatoboa kichwa cha bomba kubwa, tukaingiza ule mrija, mdomo wake tukauacha juu kidogo ya pale maji yanapoishia. Hewa ikawa inaingia kidogo kidogo kabla ya kikomo. Sifoni inakatika taratibu, bila kukoroma.

Ulikwenda kukaa sebuleni, mimi nikabaki chooni.

"Umeshavuta?" uliuliza.

"Zamani, Baba."

Nikasikia unacheka peke yako.

Bibi aliporudi alianza kunywa maji yake. Na wewe kila aliyepita ulimwita umwonyeshe. Pale barazani uliwaambia mafundi wenzako, watu wazima na ndevu zao, "Huyu binti ndiye aliyelinyamazisha, siyo mimi." Maneno hayo nilikwenda nayo Dodoma. Kwenye usaili wa kazi waliponiuliza nimewahi kubuni nini, nilisema nimebuni mrija unaonyamazisha sifoni. Wakanichukua. Nimefanya kazi ile mpaka siku niliyopigiwa simu kwamba umeanguka na hukuamka.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Siku ya hitima yako alikuja mwalimu mmoja wa kike, mtu wa Urambo anayefundisha hapa mjini. Alitumia choo cha Bibi, akatoka ameduwaa. Akaniomba nimtengenezee baba yake mzazi tangi kama lile, mzee anaishi peke yake Urambo na tangi lake bovu linavuja. Nikakubali. Wageni walipopungua, nilifungua tangi la Bibi ili nichukue vipimo.

Nikakuta mrija wangu umezibwa.

Umezibwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, kimefungwa kwa uzi, na fundo ni lako, nalijua, lile la kuzungusha mara tatu. Katikati ya mpira kuna tundu la pini, dogo hata njiti ya kiberiti isingepita. Nilikaa juu ya ndoo nikiwa nimeshika mfuniko. Nilivuta maji. Mwishoni kabisa ikatoka sauti ndogo, glu, kama mtu anayemeza mate. Ukiwa sebuleni husikii kitu. Ukiwa ndani ya choo unasikia vizuri, ila sisi wengine tumezoea kile cha nje.

Nikautoa ule mpira, nikavuta tena. Kimya kabisa.

Kwa hiyo mrija wangu ulikuwa unafanya kazi, na wewe ukauharibu kwa mkono wako. Kama usingekuwa unafanya kazi ningeelewa, ningesema Baba aliniongopea kwa mapenzi, akasahihisha kosa langu nyuma ya mgongo wangu. Lakini ulikuwa mzima! Nilianza kuwaza mambo ambayo naona haya kuyaandika. Nilijiuliza kama ulinionea wivu. Nilijiuliza kama zile sifa za barazani zilikuuma baadaye. Niliwaza hayo nikiwa nimevaa kanga ya msiba wako, Baba, unisamehe. Mpira nikautia mfukoni, na tangi la Bibi nikaliacha bila huo mpira, kama tulivyoliunda siku ile ya kwanza.

Kesho yake Bibi aliingia chooni akakaa mno. Nilisikia mpini unavutwa, kisha unavutwa tena, kisha tena, na tangi halijajaa. Akafungua mlango.

"Somo," aliniita, maana hajawahi kuniita jina tunalochangia. "Maji yamekatika?"

"Hapana, Bibi. Yapo."

"Mbona halinijibu?"

Sikuelewa. Alisimama ameshika fremu ya mlango, anatazama upande wangu lakini siyo mimi. Nilisogea kushoto. Macho yake yakabaki pale pale. Hapo nikaanza kuelewa.

"Bibi, huoni?"

"Naona mwanga," alisema. "Punguza sauti, mama yako yuko chumbani."

Tulikaa kitandani kwake akanieleza. Macho yalianza kufunga mwezi ule ule nilioondoka kwenda Dodoma. Tangi lilikuwa kimya kiasi kwamba hajui kama maji yamepita au hayakupita, na hawezi kuchungulia akaona. Alikuwa anaingiza mkono. Bibi yangu, Baba, alikuwa anaingiza mkono wake kuhakikisha hajaacha uchafu. Akakuambia wewe peke yako, akakuapisha usimwambie mtu, kwa sababu aliogopa kupelekwa kukatwa jicho na aliogopa zaidi kuanza kushikwa mkono ndani ya nyumba yake.

"Nilimwambia mwanangu, nitafutie sauti ya kunitosha mimi tu," alisema. "Siku ya tatu akaipata."

Nilimuuliza kwa nini hukuniambia hata mimi. Alinishangaa. "Ungeuliza kwa nini mrija unazibwa. Angekujibu nini?"

Nimeurudisha mpira mahali pake, na fundo nimelifunga kama lako. Nilidhani nikishajua sababu nitatulia. Sijatulia. Saa nyingine nakuona ukiwa umeinama juu ya lile tangi na pini mkononi, unatoboa, unasikiliza, unatoboa tena, na moyo wangu unajaa. Saa nyingine nakasirika. Nilikuja Idi mbili mfululizo, tukala pamoja, ukaniuliza habari za Dodoma, nikakueleza jinsi ninavyowasimulia wenzangu juu ya tangi lisilo na sauti kabisa, nawe ukaitikia kwa kichwa. Uliitunza siri ya mama yako na mimi ukaniacha niwaambie watu jambo ambalo lilikuwa limeshabadilika. Ulifanya vizuri au vibaya? Nikisema vizuri, roho inagoma. Nikisema vibaya, namwona Bibi na mkono wake.

Juzi nilikwenda Urambo. Nilifunga sifoni ya yule mzee kwa namna tuliyoianza, bila mpira, kwa kuwa binti yake alisema anataka kimya kama cha nyumbani kwetu. Mzee Kapela ni mtu mrefu, mlimaji wa tumbaku aliyestaafu shamba, haoni shida kumkaribisha fundi mwanamke. Nilipomwamkia aliitikia "marahaba, mama," akaniletea kigoda na karanga, akakaa mlangoni kuangalia kazi.

Nilipomaliza nilivuta mpini. Maji yakaenda. Kimya. Nikamgeukia nikitegemea atafurahi.

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hivyo, babu. Limeshamaliza."

Akavuta mwenyewe. Akatega sikio. Uso ukamshuka kabisa.

"Mwanangu, hili halinifai," alisema. "Mke wangu alishafariki, watoto wako mjini. Pale nyuma ya ua anakaa mama Salome. Kila asubuhi akisikia choo changu kimenguruma anajua nimeamka salama. Siku kisiponguruma anakuja kugonga. Mwaka jana niliugua usingizini, ndiye aliyekuja kuvunja mlango. Sasa wewe unataka nife kimya kimya?"

Nilisimama pale na bisibisi, Baba, na kazi yetu ya miezi minne mbele yangu, na sikujua kama nicheke au nilie. Kisha nikafungua tangi. Nikauziba mrija wote, bila tundu. Nikalikata bomba la kujazia liwe fupi, maji yadondoke kutoka juu. Mzee akauvuta mpini kwa nguvu zake zote.

Likanguruma. Likakoroma. Likapiga mluzi.

Kutoka nyuma ya ua sauti ya mwanamke ikapanda: "Mzee Kapela! Mchana wote huu, tumbo?"

"Nipo, mama Salome!" alijibu kwa furaha, kichwa nje ya dirisha dogo la choo. "Nipo!"

Kwa hiyo nakuaga na mkanganyiko wangu wote. Kesho nampeleka Bibi kwa daktari wa macho, amekubali mwenyewe, kwa sharti kwamba nisimshike mkono mpaka tufike mlangoni kwake. Akiona tena, sijui atataka mpira ubaki au utoke. Nitamuuliza yeye. Wewe lala salama, Baba. Mungu akulaze mahali pema, na kama nimekukosea kwa niliyowaza, uniwie radhi kama ninavyojaribu kukuwia wewe.

Mwanao, somo wa mama yako,
Mwajuma