Majina Kumi na Moja ya Mama Araksi

Rosettenville, Johannesburg
11 Mei

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na mapendo mengi. Natumaini barua hii itakukuta hapo Mulongwe goti likiwa limetulia kidogo, na maji ya ziwa yamerudi mahali pake. Brigitte anayekuletea nimemwagiza akutazame vizuri, aje aniambie kama kweli umenenepa, maana kwenye simu kila siku unasema u mzima. Sisi huku tuko salama, tunamshukuru Mungu. Baridi imeanza. Kazi ya kushona ipo, zaidi mashati ya shule na nguo za harusi za Wakongo wenzetu. Mjukuu wako Sagesse ametimiza miaka kumi na mitatu na amenipita kimo.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati tunaongea kila juma. Kuna jambo ambalo simu haiwezi kulibeba. Ningeanza kulia na wewe ungefikiri kuna msiba. Naomba uisome yote kabla ya kukasirika.

Kwanza nikueleze juu ya mama mmoja anayeitwa Araksi. Ana miaka themanini na sita, anaishi mtaa wa tatu kutoka dukani kwangu. Yeye ni Mwarmenia. Hao ni Wakristo wa tangu zamani sana, watu wa milima ya kule upande wa Uturuki. Yeye mwenyewe alizaliwa Addis Ababa, akahamia huku baada ya mfalme wa kule kupinduliwa. Miaka mitatu iliyopita aliingia dukani na gauni jeusi, akaniuliza kama naweza kulipunguza bila kugusa lasi ya shingoni. Tuliongea Kifaransa, maana alisomeshwa na masista. Lasi ile ilifumwa kwa sindano na uzi tu, fundo juu ya fundo. Nilimwambia gauni nitalipunguza, ila hiyo lasi naogopa hata kuipigia pasi. Alicheka sana, na tangu siku ile tukawa kama watu wa nyumba moja. Sagesse akitoka shule hupita kwake, anafundishwa kufuma, na anamwita gogo, kama watoto wa huku wanavyowaita bibi zao.

Lasi ilikuwa ya mama yake. Mwaka 1915, mama huyo akiwa na miaka minane, serikali ya Kituruki ya wakati ule ilianza kuwamaliza Waarmenia. Wanaume walitolewa majumbani wakauawa, na wanawake na watoto wakaswagwa kwa miguu mpaka jangwa la Siria, wakifa njiani kwa njaa na kiu na kwa mikono ya watu. Yeye alifika peke yake. Alilelewa pamoja na yatima wenzake huko Aleppo, hapo ndipo alipofundishwa kufuma, halafu akaolewa na fundi viatu wa Addis Ababa. Watoto wake walipomwuliza alikotoka, alijibu kwamba alizaliwa kwenye nyumba ya yatima, na kabla ya hapo hakukuwa na kitu. Alijibu hivyo miaka hamsini.

Alipokuwa anakufa ndipo alipoanza kuita watu. Mama Araksi aliketi kitandani na kalamu, akaandika kila jina alilolisikia. Yalikuwa kumi na moja. Hakujua yupi ni baba, yupi ni dada. Lipo jina moja, Karapet, ambalo mama yake aliliita kwa upole kuliko yote, na mpaka leo Mama Araksi hajui kama huyo alikuwa mjomba au punda wao. Anaposimulia hapo hucheka, kisha anavua miwani.

Kila tarehe 24 Aprili Waarmenia huwakumbuka wafu wao. Huku hawafiki arobaini, na ibada yao hufanyika katika kanisa la kuazima. Mwaka huu macho ya Mama Araksi yalikuwa yamezidi kufifia, na wajukuu wake wako Kanada, kwa hiyo alimwomba Sagesse asome yale majina. Mama, laiti ungemwona! Mtoto wetu alisimama mbele ya wazee wa watu na sketi yake ya shule, akasoma majina yote kumi na moja polepole, na hakukosea hata moja. Mzee mmoja alimbusu mikono. Tukiwa njiani kurudi, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, tukisubiri kijani, Sagesse akaniuliza, "Mama, na sisi? Wa kwetu walikuwa akina nani?" Nilimwambia aangalie kama barabara imekwisha kuwa salama.

Siku mbili baadaye nilikuwa nakunywa chai kwa Mama Araksi. Aliweka kikombe chini, akasema, "Binti yako ameniambia koko yake, bibi mzaa mama, alikufa vitani. Na wewe juma lililopita ulinieleza mama yako analalamika goti. Una mama wangapi, Murielle?"

Hapa ndipo penyewe, Mama. Nilimwambia Sagesse kwamba ulikufa.

Alikuwa na miaka sita. Mwalimu alikuwa amewaambia wachore jamaa zao, naye akaniuliza babu yake alikufaje na koko yuko wapi. Nilisema wote walikwisha kwenye vita, basi. Nilijua kwamba mtu akiwa hai huulizwa. Angetaka kuongea na wewe, angekuuliza juu ya asubuhi ile watu wetu walipouawa, na mimi ningelazimika kusikia jibu lako. Ndiyo maana nakupigia simu nikiwa dukani. Ulipoomba umsalimu nikasema yuko kwenye kwaya, amelala, ana mtihani, nilikuwa nakudanganya. Miaka saba. Nisamehe, Mama. Nilikuzika ungali unaniombea.

Mama Araksi hakunigombeza. Alisema tu kwamba mama yake alinyamaza ili watoto wasiumie, na waliumia vilevile, ila bila kujua ni nini kinachowauma. Halafu akasema, "Ananiita gogo kwa sababu anadhani hana wake. Nitafurahi akiendelea kuniita hivyo akiwa na wake."

Nilimwambia Sagesse jioni hiyohiyo. Alisema "Eish, Mama," akaingia chumbani, na siku mbili hakula nami mezani. Siku ya tatu alikuja dukani na begi lake mgongoni, akauliza kama wewe unajua kwamba yeye yupo. Nikamjibu kwamba unamwulizia kila juma tangu azaliwe. Hapo akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia mpaka nikafunga duka.

Sasa ameanza daftari la watu wetu. Nimempa majina ya Baba, ndugu zangu Joël na Gradi, na shangazi Denise. Yule mtoto wa siku nne uliyekuwa umembeba sikuweza kumpa, kwa sababu sikujua kama mlikuwa mmekwisha kumpa jina, na sikuwahi kuthubutu kukuuliza. Jumapili baada ya ibada atakupigia yeye mwenyewe. Kiswahili chake kinachechemea, mvumilie. Akiuliza kinachouma mno, mwambie kinauma. Lakini unachoweza kumpa, mpe.

Nakushukuru, Mama. Ulitembea na mimi mpaka Uvira ukiwa na maziwa kifuani na mtoto hayupo, ukaniimbia njia nzima ili nisigeuke nyuma. Sikuwahi kusema asante kwa hilo, kwa sababu kushukuru kungekuwa kukumbuka. Leo nashukuru. Namshukuru na Mungu kwa mama wa mbali aliyeniuliza nina mama wangapi.

Wasalimu majirani na wote wa kwaya. Mama Araksi anakusalimu kama dada yake. Nakunja magoti hapa nilipo, nikipokea hasira yako na baraka yako pamoja.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Murielle

Sagesse ameomba aandike mwenyewe hapa chini, na amekataa nimsahihishe:

Koko, jambo. Mimi Sagesse. Mama alisema wewe kufa. Mimi nafurahi sana wewe hapana kufa. Jumapili ushike simu.