Velo Iliyokupeleka Kapolowe

Kwa mupwa wangu Clarisse,

Jambo sana, weye na mimba yako! Hapa Panda tuko bazima. Mama yako anasema lazima uje kuzalia kwake hapa Panda, kwa sababu ni mimba ya kwanza. Ila barua yako imenirusha toka kwa kiti! Kumbe baprofesa wako wa université bamechunguza, bakaona vumbi la mine ya shaba linaweza kufunga ao kufungua jeni za mutoto akiwa angali mu tumbo?

Unauliza mama yako alibebea mimba yako wapi. Sikia. Asubui moja, hapa Panda karibu na mine, alifunika pua, akasema, “Huyu mutoto anakatala hii vumbi.” Baba yako akacheka: “Hajazaliwa, na tayari anachagua quartier ya kuishi!”

Miye sikucheka. Nilimupandisha mama yako ku velo yangu, nikakanyaga pedali mupaka Kapolowe kwa nkambo yako, mama yetu. Makamiyo ya kubeba mawe ya mine yalikuwa yananiomba njia! Akabaki kule mupaka ukazaliwa.

Ubaambie baprofesa kama uchunguzi wao ulianzia ku velo yangu.

Na mama yako nimeisha kumukumbusha ile asubui. Ameanza kufunga mizigo ya kwenda kwa nkambo yako. Tairi ya velo nimejaza upepo, tunakungojea uzalie Kapolowe.

Mujomba wako,
Dieudonné