Picha Aliyoipanga Mama

Ilemela, Mwanza

Kaka Luhende, shikamoo.

Huku mvua zimeanza. Asubuhi ziwa na mbingu vinakuwa kitu kimoja, na nyumba yetu kama inaelea juu ya mawe.

Najua hupokei simu zetu, ndiyo maana nakuandikia. Hata hivyo, weka michezo kwenye simu yako. Ule wa kufananisha matunda unatuliza sana. Unagusa maembe mawili, yanayeyuka taratibu. Ila mimi naupenda zaidi ule unaokata picha yako mwenyewe vipande vipande, kisha unaipanga upya. Nilimwekea Mama, maana tangu apate kiharusi hajasema neno, na nesi alishauri tumpe kitu cha kushughulisha vidole.

Anachezea barazani, akilitazama ziwa kati ya kipande na kipande. Jumapili nilimwekea picha yako, ile ya mwisho kabla hujagombana naye ukahamia Mtwara. Akapanga shati, mabega, kidevu. Alipomaliza macho, akatulia na mkono juu ya kioo, nikadhani amesinzia.

"Luhende," akasema.

Nikapiga magoti mbele yake. "Ndiyo, Mama. Ni Luhende."

Akanitazama kama mtu anayetoka safari ndefu.

"Amekula?"

Nililia, kaka. Nikamwambia utamjibu mwenyewe. Tangu siku hiyo, simu yangu ikiita tu, anageuza kichwa.

Mdogo wako akupendaye,
Gladness